Habari za Ua la Buluu la Usambara na Jinsi Lilivyopata Jina

Hapa Uyole ndipo njia ya Tukuyu inapoachana na njia kuu iendayo Iringa, na mwenye kusimama penye njia panda huona milima karibu kila aelekezapo macho. Masika yakishika, mtu akapanda upande wa Poroto na kuendelea hata uwanda wa Kitulo, ambao uko juu ya bahari kiasi cha mita 2,600, hukuta nyasi zimejaa maua: meupe, ya manjano, mekundu, na chini yao yamo madogo ya buluu yasiyozidi ukucha wa kidole. Haya ya buluu wengi huyakanyaga wasiyaone. Nasi tulio walimu, tukimwuliza mwanafunzi, "Hili laitwaje?" hupata jina upesi ikiwa mmea ule waliwa, au ni dawa, au waezekea nyumba. Ikiwa haufai kwa mojawapo ya kazi hizo, mara nyingi jibu ni, "Ni ua tu, mwalimu."

Katika kurasa hizi twataka kueleza habari ya ua moja dogo la buluu. Si la Uyole; ni la milima ya Usambara, mbali na kwetu upande wa kaskazini na mashariki. Walakini tuna sababu mbili za kulileta mbele ya wasomaji wa huku kusini. Ya kwanza, habari yake imefungamana na habari ya lugha ya Kiswahili kuliko watu wengi wajuavyo, maana watu walioliokota na kulipeleka Ulaya walikuwa wanafunzi wa lugha yetu, na wawili kati yao waliandika vitabu juu yake. Ya pili, tangu mwaka 2015 wataalamu wa mimea wamelitia ua hilo katika ukoo mmoja na maua yaotayo katika misitu yetu ya kusini, hata imekuwa mgeni wa Usambara ni ndugu wa wenyeji wa Rungwe.

Kwanza tueleze mmea wenyewe ulivyo. Ni mmea wa chini kabisa, usio na shina la kuonekana katika aina nyingi. Majani yake hupangika kwa duara kama sahani, nayo yana vinyweleo laini. Katikati hutoka vijiti vyembamba, na juu ya kila kijiti ua moja au machache, la rangi ya buluu yenye kuelekea zambarau. Ua lina sehemu tano, mbili za juu ni ndogo na tatu za chini ni kubwa, na katikati huonekana vifuko viwili vya chavua, rangi yake manjano safi. Hukaa katika nyufa za mawe yenye kuvu na unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, karibu na vijito. Jua kali huuua. Mbegu zake ni ndogo mno, kama vumbi. Tena una tabia moja ambayo ndiyo iliyouenezea dunia: jani moja likikatwa na kuchomekwa kijiti chake udongoni, litatoa mizizi, na miche midogo itaota chini yake. Mwenye mmea mmoja aweza kuwapa jirani zake wote asipungukiwe na kitu.

Juu ya rangi yake yatupasa kusema neno, kwa kuwa gazeti la lugha haliwezi kulipita. Kiswahili kina maneno matatu tu ya rangi yaliyo sifa za asili, yenye kufuata ngeli ya jina: -eupe, -eusi, na -ekundu. Rangi nyingine zote twazitaja kwa mfano wa kitu. Twasema rangi ya majani, tukafanya kijani. Ya jivu, tukafanya kijivu. Twasema manjano kwa ile bizari, kahawia kwa kahawa, na zambarau kwa tunda lake. Buluu ni neno la kigeni lililofika na nguo za madukani. Samawati latoka katika Kiarabu, maana yake ni ya mbingu, na nili ni ile dawa ya kutilia nguo rangi. Hii haina maana kwamba wazee hawakuiona buluu. Waliiona kila siku juu ya vichwa vyao. Lakini buluu iliyokolea waliiweka upande wa -eusi, na iliyo hafifu waliiacha kwa mifano. Hata leo mzee wa kwetu akilitaja ua hili aweza kusema ni jeusi, na mgeni akadhani hakuona vizuri. Mwenye kuandika majina ya maua na ajihadhari na jambo hilo.

Sasa tuje kwa watu. Wengi hudhani ya kwamba aliyelipeleka ua hili Ulaya kwanza ni yule ambaye jina lake limetiwa juu yake. Sivyo. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka mmea wake uliokaushwa. Kirk alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea kabla hajawa balozi. Alifuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza 1858, na ni yeye aliyemshurutisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Kisha mwaka 1887 mmea huo huo ulipelekwa na Padre William Ernest Taylor wa misheni ya C.M.S., aliyeuchuma katika nchi ya milima nyuma ya Mombasa, upande wa Giriama na Shimba.

Jina la Padre Taylor linajulikana kwa kila apendaye Kiswahili. Alifika pwani mwaka 1880, akakaa na watu wa Mombasa hata akajua lahaja yao kwa undani ambao Wazungu wachache wamepata kuufikia. Mwaka 1891 alitoa kitabu kikubwa cha methali za Waswahili, na mwaka huo huo kitabu cha maneno ya Kigiriama. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yasingetufikia kama si yeye na wazee waliomsomea. Basi mtu huyu, aliyekuwa na masikio ya kusikia methali sokoni na macho ya kuona ua chini ya jiwe, alilichuma, akalikausha, akalituma. Lakini kile kilichofika Uingereza, cha Kirk na cha Taylor, hakikutosha kwa wataalamu kuandika maelezo kamili ya mmea mpya. Wakakihifadhi bila jina.

Mwenye kupata jina alikuja nyuma yao. Aliitwa Walter von Saint Paul-Illaire, Mdachi wa ukoo wa kibwana, aliyezaliwa 1860. Alitumikia kwanza ile Kampuni ya Wadachi ya Afrika Mashariki, na baadaye akawa bwana shauri wa Tanga. Nyakati zile hazikuwa za amani. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka juu ya Kampuni, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na vita vikaendelea hata mwaka uliofuata, ambapo Abushiri alinyongwa Pangani. Tanga yenyewe ilipigwa mizinga. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Wadachi ikachukua utawala kwa mkono wake yenyewe, ndipo mabwana shauri wakawekwa katika maboma ya pwani.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1890, Saint Paul alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili kwa Wadachi. Kilitoka katika safu ya vitabu vya Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, chuo kilichofunguliwa 1887 kuwafundisha maofisa, wafanya biashara na wamisionari lugha za nchi waendako. Mwalimu wa kwanza wa Kiswahili pale alikuwa C. G. Büttner, ambaye mwenyewe alikuwa mmisionari, na kando yake walisaidia watu wa kwetu, kama Amur bin Nasur wa Unguja, ambaye aliandika habari za maisha yake kule Berlin. Kitabu cha Saint Paul hakikuwa cha kwanza; Askofu Steere wa U.M.C.A. alikwisha kutoa chake mwaka 1870, na kila aliyefuata alikanyaga nyayo zake. Walakini chaonyesha ya kuwa mtu aliyekwenda kutawala Tanga hakuwa bubu mbele ya watu wake. Aliweza kuuliza, na kuelewa jibu.

Basi mtu huyu, katika miaka ya kwanza ya utawala wake, alilikuta ua letu. Habari aliyoitoa yataja mahali pawili. Pa kwanza ni karibu na Tanga, mwendo wa saa moja tu kutoka mjini, penye miamba ya chokaa chini ya miti, mahali pasipoinuka sana juu ya bahari. Pa pili ni katika msitu mkubwa wa Usambara, juu ya mawe magumu, kwenye kimo cha futi 2,500 hivi. Wasomaji waliopata kwenda Tanga wataifahamu nchi hiyo ya chokaa, maana ndiyo yenye mapango ya Amboni. Mtu aliyekaa na kusimama mahali hapo pawili hawezi kukosa kuona tofauti: kule chini joto la pwani, kule juu ukungu. Baadaye wataalamu walitambua ya kuwa mbegu zake zilitoka katika aina mbili zilizofanana, zikachanganywa chini ya jina moja.

Tofauti kati yake na wale wawili waliotangulia ni hii: yeye hakutuma majani makavu peke yake. Alipeleka mmea ulio hai na mbegu kwa baba yake, Ulrich, aliyekaa Fischbach katika nchi ya Silesia na kupenda sana miti na maua. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen karibu na Hannover. Wendland alizipanda mbegu katika nyumba ya vioo, zikaota, zikachanua. Sasa alikuwa na ua bichi mbele ya macho yake, na mwaka 1893 akaandika maelezo yake katika gazeti la bustani. Aliona ya kwamba haliingii katika ukoo wowote uliojulikana, akalifanyia ukoo mpya. Ukoo aliuita Saintpaulia, kwa heshima ya baba na mwana pamoja, na neno la pili akaliita ionantha, neno la Kigiriki lenye maana ya "lenye ua kama violeti". Violeti ni ua dogo la Ulaya lichanualo baridi iishapo. Watu wa kawaida wakachukua mfano huo huo, na Wadachi wakaliita violeti ya Usambara, Waingereza violeti ya Afrika. Kwa kweli si jamaa ya violeti hata kidogo.

Tuyatazame kidogo majina hayo. La kwanza ni la bwana shauri na mzee wake, na mzee huyo hakulichuma ua lile, alilipokea kwa mwanawe. La pili ni mfano wa ua la Ulaya. Katika jina lote la kitaalamu hakuna neno moja la nchi lilikotoka, wala la watu waliokaa karibu nalo. Usambara imebaki katika jina la mitaani la Kidachi tu. Desturi hiyo haikuwa ya Wendland peke yake. Ndivyo walivyofanya wote. Sheria ya wataalamu wa mimea haiulizi nani aliona kwanza. Yauliza nani aliandika maelezo kwanza na kuyachapisha. Kwa sheria hiyo Kirk na Taylor walipitwa, na Wasambaa, Wabondei, Wadigo na Wagiriama, waliopita kando ya mawe yale vizazi vingi, hawakuingia katika hesabu kabisa.

Neno hili latugusa sisi walimu kwa namna nyingine. Wawili kati ya watatu waliolishika ua hili walikuwa waandishi wa Kiswahili. Taylor alikusanya methali kwa mamia, na alijua thamani ya neno moja la mzee. Kama angalikuwapo mtu wa kulitia ua hili katika kamusi kwa jina la wenyeji, alikuwa yeye. Kazi ya mimea na kazi ya maneno alizifanya zote mbili, lakini zilikwenda njia mbali mbali: maneno yalikwenda kwa wachapaji, majani yakaenda kwa wakaushaji. Nasi twaona ya kuwa hapo ndipo hasara ilipotokea. Hata leo hakuna jina moja la Kiswahili ambalo msomaji wa Mbeya na msomaji wa Tanga wangelisikia na kufahamiana. Tukitaka kulitaja, twasema ua la Usambara, au twafasiri Kiingereza.

Safari ya ua hilo baada ya 1893 twaweza kuieleza kwa maneno machache. Mwaka ule ule lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, likapendwa. Nyumba ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ikapata haki ya kuuza mbegu zake. Kwa miaka 30 hivi lilikaa katika nyumba za vioo za matajiri. Kisha, mwaka 1926 na 1927, duka la maua la Armacost na Royston, Los Angeles, lilipanda mbegu kutoka Ulaya, likachagua miche kumi iliyo bora, na kuipa majina. Kutoka kumi hiyo zikazaliwa aina za bustani zisizo na idadi: nyeupe, za waridi, zenye maua kama yaliyokunjwa. Likawa ua la dirishani la mama wa nyumba, maana halihitaji jua kali, wala nafasi, na jani moja latosha kumpa rafiki. Mwaka 1946 Wamarekani walifanya chama chao cha kulipenda, nacho kingalipo. Yawezekana ya kwamba leo hakuna mmea mwingine wa porini wa Tanganyika ya zamani unaokaa katika nyumba nyingi zaidi za Ulaya na Marekani.

Na nyumbani kwake je? Miaka ile ile mbegu zilipokuwa zikiota Herrenhausen, misitu ya Usambara ya Mashariki ilianza kukatwa. Wadachi walidhani udongo unaobeba miti mikubwa hivyo lazima una rutuba isiyokwisha, wakafungua mashamba ya kahawa. Mwaka 1893 wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905. Kahawa ya Usambara ya Mashariki ikawavunja moyo. Rutuba ilikuwa katika majani yaozayo juu, na msitu ulipoondolewa nayo ikaondoka. Mwaka 1902 walianzisha kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo pale Amani, kituo kilichosifiwa sana siku zile. Chini ya Waingereza na baada ya uhuru ukataji uliendelea kwa namna nyingine: mbao, iliki chini ya miti, chai, na mashamba ya chakula ya watu waliozidi kuwa wengi. Mwaka 1997 serikali iliweka Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na sehemu kubwa ya msitu ikapata ulinzi.

Lakini mmea huu hauhitaji shoka kuushukia wenyewe ndipo ufe. Mtu akiukata mti mmoja mkubwa ulio juu ya mwamba, kivuli huondoka, jua huingia, kuvu hukauka, na violeti zote za jiwe lile hufa msimu uo huo, ingawa hakuna aliyezigusa. Makundi ya bondeni, katika vipande vya msitu vilivyobaki karibu na pwani, ndiyo yaliyo katika hatari kubwa zaidi. Kuna aina zinazojulikana kutoka mahali pachache tu. Watu wa mbali wanazo sufuria za maua kwa mamilioni, na mwamba ulikotoka ua lenyewe waweza kuwa mtupu. Si neno geni katika nchi yetu. Lakini kwa ua hili laonekana wazi kuliko kwa vitu vingine.

Kuhusu hesabu ya aina zake, wataalamu wamebadilika. Katikati ya karne ya 20 B. L. Burtt wa Edinburgh alizichambua akazipa nyingi majina, hata zikawa ishirini na zaidi. Mwaka 2006, katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, hesabu ilishushwa hata sita, na nyingi za zamani zikafanywa matawi ya ionantha. Kisha mwaka 2015, baada ya kuchunguza damu ya mimea, yaani ile asili iliyomo ndani ya chembe zake, wataalamu waliona ya kuwa Saintpaulia si ukoo wa peke yake. Ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo mwingine mkubwa wa Afrika na Madagaska uitwao Streptocarpus, neno la Kigiriki lenye maana ya "tunda lililosokotwa". Jina hilo lilichapishwa 1828, nalo ni kubwa kwa umri. Kwa sheria ile ile iliyompita Taylor, jina la bwana shauri likaondolewa katika cheo cha ukoo, likabaki jina la tawi. Sasa katika vitabu ua laitwa Streptocarpus ionanthus. Wauza maua hawakujali. Wao husema kama walivyozoea.

Hapo ndipo habari inaporudi kusini. Mimea ya tunda lililosokotwa imo katika nyanda zetu za juu. Hukaa kama ndugu zao wa Usambara, penye mawe, kingo za vijito na magogo yenye kuvu katika msitu wa mlima. Maua yao ni membamba zaidi, yenye koo ndefu, meupe au ya zambarau hafifu au ya buluu. Jamaa wengine wa ukoo huu wana ajabu moja: mmea mzima ni jani moja tu maisha yake yote, ambalo huota upande wa chini huku ncha yake ikinyauka, na maua hutoka penye shingo la jani hilo. Mmoja wa ukoo huu unaitwa Streptocarpus goetzei, na jina hilo latuletea mtu mwingine.

Walter Goetze alikuwa kijana Mdachi aliyetumwa kukusanya mimea. Mwishoni mwa 1898 alipita milima ya Uluguru, na huko aliokota aina mbili za jamaa ya violeti ya Usambara, ambazo Adolf Engler wa Berlin alizichapisha baadaye, moja kwa jina lake. Mwaka 1899 alivuka Uhehe, akafika milima ya Ukinga, Poroto na Rungwe, akikusanya kila alipolala. Desemba mwaka ule ule akafa Langenburg, iliyokuwa boma la Wadachi kando ya Ziwa Nyasa. Mimea mingi ya nyanda zetu ina neno goetzei mwisho wa jina lake, na mtu asiyejua habari hii hudhani ni neno la Kilatini.

Baada yake alikuja mmoja ambaye wasomaji wetu wa Kanisa la Moravian watamhesabu kuwa wao. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule walipofika wamisionari wa Berlin kwa Wanyakyusa. Adolf Stolz, aliyezaliwa 1871, alitumika katika misheni hiyo akakaa Kyimbila, karibu na Tukuyu. Pamoja na kazi zake alikusanya mimea kwa miaka mingi, hata karibu na vita vya 1914, akaituma Berlin. Wakusanyaji wengine walipita kwa miezi. Stolz alikaa, akaona mlima ule ule katika masika na kiangazi. Mwaka 1915 Rudolf Schlechter, mjuzi wa okidi, alitoa jina la Stolzia kwa ukoo wa okidi ndogo zitambaazo juu ya miti. Stolz alifariki 1917.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katika vita kuu ya pili, mabomu yaliiangukia nyumba ya mimea ya Berlin-Dahlem, ikaungua. Sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa iliteketea pamoja na vitabu, na okidi za Schlechter zikawa majivu. Mimea mingi iliyochumwa Ukinga, Poroto na Rungwe, ile ile ambayo juu yake maelezo ya kwanza yaliandikwa, haipo tena. Kilichookoa kazi ya Stolz ni kwamba alichuma vipande zaidi ya kimoja vya kila mmea, na vingine viligawanywa katika nyumba za miji mingine. Mwenye kutaka kujua leo neno fulani la mwaka 1915 lilihusu mmea upi, huvitafuta vipande hivyo.

Twayasema haya yote kwa sababu ya kazi iliyo mkononi mwetu. Walimu na wachungaji wa wilaya hizi wana wanafunzi watokao katika Wasafwa, Wanyakyusa, Wakinga, Wawanji, Wabena na Wahehe, na wazee wa kuuliza hawako mbali. Milima inabadilika: viazi na pareto vimepanda juu sana, mizizi ya okidi imechimbwa kwa wingi ikauzwa Zambia kwa chakula kiitwacho chikanda, na ingawa Kitulo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, nyasi zilizo nje ya mipaka hazina mlinzi. Majina hupotea upesi kuliko maua, kwa kuwa mtoto aliyehamia Mbeya mjini hana sababu ya kuyajua.

Mwenye kutaka kuandika majina hayo, tungependa ashike mambo machache. Asiulize kwa Kiswahili ikiwa mzee ana lugha yake, maana atapewa tafsiri badala ya jina. Asiulize kwa maneno tu. Ampelekee mmea wenyewe, na ukiwa na ua lake. Amwulize zaidi ya mtu mmoja, wanaume na wanawake mbali mbali, kwa kuwa mara nyingi wanawake hujua mboga na dawa za watoto, na wachungaji wa ng'ombe hujua yasiyojulikana na wengine. Aandike pia jibu la "ni ua tu", na nani aliyelisema, kwa maana nalo ni habari. Rangi aiandike kama ilivyotamkwa, hata ikiwa ni -eusi, asiisahihishe. Kisha alaze kipande kati ya karatasi za gazeti chini ya jiwe zito, abadilishe karatasi kila siku hata kikauke, na avifanye viwili, kimoja akiweke shuleni na kingine akipeleke mahali pengine. Juu ya kila kimoja aandike tarehe, kijiji, kimo cha mahali, na jina la aliyemwambia, akiwa ameridhia.

Mwanafunzi wa mimea mjini London au kwingineko afunguaye leo kabati lenye vipande vya Stolz hukuta karatasi ya rangi ya mchanga, mmea uliopoteza buluu yake zamani, nambari, na chini yake jina la mahali: Kyimbila.